Kila Rangi na Bei Yake

Zamani ukienda kupima presha ulirudi na vidonge. Vidonge vina staha yake: unavimeza kwa maji, unafunika kopo, na mke wako hana la kuongeza. Siku hizi unarudi na karatasi. Yangu ina picha za matunda yaliyopangwa kwa rangi, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba nile matunda ya msimu, ya rangi mbalimbali, kila siku. Mama watoto ameibandika jikoni, pale palipokuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Kalenda ile ilinionyesha sikukuu. Karatasi hii inanionyesha dhambi.

Sina ugomvi na matunda. Mimi ni mtu wa Tanga. Matunda nimeyala kabla hayajawa dawa. Ugomvi wangu ni hiki cheo yalichopewa. Utotoni tulikula zambarau kwa sababu mti upo na mwenye mti amelala. Leo nikitia zambarau mdomoni, binti yangu anaruka: "Vizuri baba, hizo zina antioksidanti!" Utamu wote unakata. Mtu ukishaambiwa kitu kina faida mwilini, meno yanaanza kukitafuna kwa wajibu, na sijaona kitu kichungu mdomoni kuliko wajibu.

Hebu tuitazame karatasi yenyewe. Safu nyekundu ina stroberi na cheri. Safu ya kijani ina kiwi. Safu ya njano ina kitu ambacho hakuna mtu nyumbani kwangu aliyekitambua. Mjukuu anasema ni limao lililong'atwa na nyuki. Halafu kuna safu ya buluu. Buluu! Nimeishi miaka yote hii, nimekula mjini na shamba, sijawahi kualikwa mahali nikapewa tunda la buluu. Nilimuuliza kwa adabu yule muuguzi aliyenipa karatasi, "Binti yangu, hili la buluu nitalipata wapi?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Bluberi hizo, baba. Zipo supamaketi."

Nikaenda. Zipo kweli. Zimekaa kwenye kikasha cha plastiki kinachoenea kiganjani, ndani ya friji, zimepigwa taa. Nilipoiona bei nikakigeuza kikasha, nione kama kuna kuku chini yake.

Hasira zangu nikampelekea kijana wa jirani anayesomea lishe Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kijana huyu ana tabia ya kujibu unachomuuliza, jambo adimu kwa wasomi. Akaniambia ule ubuluu ni kitu kinachoitwa anthosianini, na kwamba hicho hicho ndicho kinachoipaka rangi zambarau yetu, na choya tunayochemsha juisi, na zile zabibu nyeusi za Dodoma. Wekundu wa tikiti, wa nyanya na wa pera lenye nyama ya waridi ni likopini. Unjano mzito wa embe na papai unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, rafiki wa macho na ngozi. Parachichi nalo lina luteini, na mafuta yake husaidia mwili kuifyonza hiyo karotini. Rangi moja haifanyi kazi ya nyingine, ndiyo maana wanataka tuzichanganye.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "zile zambarau zinazodondoka nje ya geti langu ndizo bluberi?"

"Kwa upande wa rangi, mzee, ni ndugu."

Nilikaa kimya kidogo. Maana yake ni kwamba kila msimu mtaa wetu mzima tunaamka asubuhi, tunafagia dawa, tunaitupa mtaroni huku tunasonya, halafu mwenye uwezo anawasha gari kwenda kununua ndugu yake aliyesafiri kwa ndege.

Nakiri zambarau zinaudhi. Ukitaka kujua ubora wa anthosianini, vaa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa upite chini ya ule mti. Hakuna sabuni, hakuna limao, hakuna dua. Na watoto nao wana tabia ya kuzipopoa. Najua, mti wenye matunda ndio upigwao mawe, wahenga walisema; lakini wahenga hawakusema mawe yakishaupiga yanaangukia bati la nani.

Basi nikakata shauri: supamaketi siendi tena, naenda Buguruni. Tulikuwa Desemba, na Desemba hapa Dar es Salaam huna haja ya karatasi kukwambia msimu wa nini. Maembe yamejaa matenga, yamejaa maguta, yamejaa hadi ukingo wa barabara: dodo, bolibo, sindano, viringe, na yale madogo ya kienyeji yenye nyuzi ambayo ukiyala leo, kesho kutwa bado unatafuta kijiti cha meno. Mananasi ya Kiwangwa yamepangwa yamekuwa ukuta. Kwa rangi, pale pametimia. Nikasema hapa hata yule mchoraji wa karatasi angetubu.

Tatizo la Buguruni ni kwamba matunda yana wauzaji. Muuza maembe hana shahada ya saikolojia kwa sababu haihitaji. Kwanza anakuamkia. "Shikamoo mzee wangu!" Ukishaitika marahaba, umekwisha. Mzee aliyepewa shikamoo mbele za watu hawezi tena kubishania shilingi mia mbili. Ataonekana hana busara. Nilijaribu.

"Binti, punguza kidogo hili fungu."

"Jamani baba, nikikupunguzia wewe baba yangu, mimi mwanao nitakula nini?"

Ndani ya dakika moja nimeshapata mtoto, na nimeshaanza kumhudumia.

Halafu kuna fungu lenyewe. Fungu la maembe limejengwa kwa ufundi. Yaliyo juu yanakutazama wewe mnunuzi, uso safi, mashavu yamejaa. Makovu yote yamegeuzwa upande wa muuzaji. Lile la chini kabisa, linalobeba wenzake, ndilo lililoanguka kutoka kwenye lori. Huwezi kuligusa kabla ya kulipa kwa sababu fungu litabomoka, na ukishalipa linamiminwa kwenye mfuko kwa kasi ambayo jicho la mtu mwenye miwani haliwezi kuifuata. Na mfuko nao unauziwa, maana tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko umekuwa bidhaa inayojitegemea. Nimeulalamikia mfuko huo katika kila soko. Hakuna aliyenisikiliza, ila mitaro ya mtaa wetu sasa inapitisha maji, kwa hiyo hilo naliacha.

Ninalokataa kuliacha ni lile la rangi. Karatasi imenifundisha nitazame rangi. Sawa, nikatazama. Nikachagua maembe ya njano tupu, njano ya pande zote, hayana hata doa. Nimefika nyumbani, mama watoto kakata la kwanza: ndani jeupe, gumu, na ladha yake ni ya mtu aliyekasirika. La pili vilevile.

Wenye kujua wakanieleza. Kuna unga unaitwa kabaidi. Ukipata unyevu unatoa gesi ya asetilini, ileile mafundi wanayochomelea vyuma. Mfanyabiashara mwenye haraka anaufunga kwenye karatasi, anauficha ndani ya tenga la maembe mabichi, na baada ya muda mfupi ngozi inageuka njano wakati nyama ya ndani haina habari. Ubaya haukomi kwenye ladha: kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, vitu ambavyo havimo kwenye safu yoyote ya karatasi yangu. Fikiria hiyo. Mtu unakwenda kutafuta afya, unarudishiwa malighafi ya karakana.

Bibi yangu alivundika maembe na ndizi maisha yake yote bila karakana. Aliyafunika kwenye tenga kwa majani makavu na gunia, akaingiza humo moja au mawili yaliyokwisha kuiva, akatuambia atakayefunua atakiona. Tunda linaloiva hutoa hewa yake lenyewe, ethilini, inayoyaamsha mengine. Kazi yote ilikuwa kungoja. Lakini sisi watu wa mjini kungoja tumekuacha. Tunataka embe Oktoba, na tunalipata embe la Oktoba, na linatukomesha.

Upande wa pili wa udanganyifu huu ni chungwa. Chungwa la Muheza, lile la katikati ya mwaka lililojaa maji mpaka viwiko, linaiva likiwa kijani. Si kosa lake. Ngozi ya chungwa inahitaji usiku wa baridi ili ule ukijani ukatike, na Muheza usiku wa baridi watu husimuliwa. Ndani limeiva barabara. Lakini mwaka jana nilimpelekea bosi wangu mstaafu kiroba kizima, mtoto wake aliyekulia mjini akachungulia akasema, "Mbona mabichi?" Wakayaweka nje yaive. Mle ndani mezani, ndani ya bakuli la kioo, walikuwa na machungwa ya Afrika Kusini ya rangi ya kwenye karatasi, yana stika.

Stika! Tunda likishakuwa na stika Mtanzania humwambii kitu. Na hapo ndipo ninapofika kwenye epo.

Nenda hospitali yoyote saa za kuwaona wagonjwa, simama getini uhesabu mifuko. Mgonjwa wa malaria analetewa maepo. Aliyevunjika mguu analetewa maepo. Mama aliyejifungua analetewa maepo na juisi ya pakiti. Epo limesafiri baharini, limekaa kwenye vyumba vya baridi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na tunalipeleka kwa heshima zote. Sasa chukua pera, hili pera la uani lenye mbegu, ambalo mtoto analila akiwa juu ya mti. Kwa uzito uleule pera lina vitamini C mara tatu hadi nne ya chungwa. Epo halilifikii hata hilo chungwa. Kwa vitamini C linapitwa mbali na papai la kawaida linaloning'inia nyuma ya choo cha nje. Lakini jaribu kumpelekea mkweo mgonjwa mapera manne kwenye mfuko. Utaitwa kikao cha ukoo.

Na mgonjwa mwenyewe hali. Wanaokula ni wale waliokuja kumwona. Nimewahi kulazwa, nalijua hili. Mjomba wangu alifika kunijulia hali, akaketi, akaniuliza "unaendeleaje," na kabla sijajibu alikuwa anamenya. Alikula huku ananisihi nile matunda kwa wingi.

Nikirudi nyumbani kwangu, kuna vita ya juisi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi, nimeuliza. Gramu 400 si jambo la kutisha. Embe dodo kubwa likiwa na kokwa lake linaweza kuzipita lenyewe. Lakini wanangu wameshindwa kutafuna. Kila tunda lazima lipite kwenye blenda. Embe linasagwa, linachujwa, nyuzinyuzi zinamwagwa, halafu vinaongezwa vijiko vya sukari "kuleta ladha," kwenye embe, tunda ambalo Mungu amemaliza kazi. Zile nyuzi tulizozimwaga ndizo zinazosaidia tumbo na kuifanya sukari iingie kwenye damu taratibu. Na Shirika hilohilo linaihesabu sukari ya kwenye juisi kundi moja na ile ya kwenye kopo, yaani ile ya kupunguza. Nikilisema hili mezani naambiwa, "Baba na karatasi yake." Sasa imekuwa karatasi yangu!

Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, yeye ameielewa karatasi kwa namna yake. Anakula chipsi mayai sahani ya kujaa, anashushia soda, halafu anaagiza kipande cha tikiti "kwa ajili ya afya." Anaamini tikiti likifika tumboni litawakuta wale wengine na kuwasamehe. Ana kisukari pia, na daktari wake amemwambia matunda ale kwa kiasi, kidogo kidogo, mazima na si juisi. Katika maelezo hayo yote alilolishika ni "matunda ale."

Mjukuu naye hayuko nyuma. Aliposikia rangi nyekundu ni nzuri mwilini akadai hela ya ubuyu wa Zanzibar. Nikamweleza kwamba ubuyu wenyewe ni mweupe, una vitamini C na madini ya chokaa kwa wingi, ila wekundu ule unatoka kwenye kopo la rangi na utamu wake unatoka kwenye sufuria ya sukari. Akanisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akanyoosha mkono: "Babu, hela."

Serikalini nako tumeyafanyia matunda ukatili wa aina yake. Yeyote aliyewahi kuhudhuria semina anaijua ile sahani. Iwe Machi, iwe Septemba, iwe Bukoba au Mtwara, sahani ni ileile: tikiti, nanasi, papai. Vipande vimekatwa jana jioni, vimelala kwenye friji vimefunikwa, na asubuhi vimeamka vimechoka. Nje ya ukumbi mwezi wa sita machungwa yanauzwa kwa bei ya kutupa, ndani tikiti. Nje Dodoma zabibu zimeiva, maana wenzetu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kuelekea Machi na tena kuelekea Septemba, ndani tikiti. Nimekaa kwenye semina ya lishe, mtoa mada anatuhimiza tule matunda ya msimu yanayopatikana kwenye maeneo yetu, na mbele yake kuna chupa ya soda na sambusa mbili. Matunda yalikuwepo. Hakuna aliyeyagusa. Yalikuwa tikiti.

Na msimu wenyewe tunauendesha kwa fujo. Mwaka mzima hakuna embe, halafu ghafla ni maembe tu. Kuanzia Desemba kila mgeni anayeingia kwangu ana kiroba. Anayetoka Mkuranga ana maembe. Anayetoka Tabora ana maembe. Fundi bomba nimemwita azibe bomba, kaja na maembe. Jirani nikimpa yangu, ananirudishia ndoo na ya kwake. Nyumba inanuka sukari, nzi wamehamia. Ukiyala kwa pupa ule utomvu wa kikonyo unakubabua midomo, unakwenda kazini watu wanadhani umepigana. Mengine ukiyapasua unakuta yana mwenyeji: funza wa yule nzi wa matunda kutoka Asia aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 2003, akaona hali ya hewa inamfaa, akavuka mpaka bila pasipoti. Mkulima anapata hasara mara mbili, kwa nzi na kwa bei, maana Januari embe halina mwenyewe. Linaoza kando ya barabara. Ifike Juni, tunanunua juisi ya pakiti yenye picha ya embe.

Bibi alikata embe vipande vyembamba, akavianika. Wengine waliyatengeneza mabichi kuwa achari. Ujuzi huo hatukuibiwa. Tuliuacha kwenye tenga tukakimbilia stika.

Lakini kinachonikera kuliko vyote, kuliko hata yule mwanangu wa Buguruni, ni fremu. Mtaa wetu tulipohamia ulikuwa na kila rangi ya ile karatasi bila kulipa senti. Kwa huyu mwembe, kwa yule mpera na mstafeli, kona ile fenesi ambalo likiiva mtaa mzima unajua na mwenye kulikata anapaka mafuta mikononi ulimbo usimgande. Mmoja mmoja wakakata. Wanataka fremu za kupangisha. Waliobaki na uwanja wameuziba kwa bloku za pevingi, wanasema majani yanachafua. Sasa kwenye fremu palipokuwa na mwembe pana duka. Linauza juisi ya embe. Na kivuli pia tumekikosa, kwa hiyo tunakaa ndani na feni, halafu tunaambiwa presha imepanda kwa sababu hatutembei.

Niliposema hivi kwenye mkutano wa mtaa, mzee mmoja akanijibu mti unachelewa. Unachelewa kwa nani? Mpapai ukiupanda sasa unaweza kukupa matunda kabla ya mwaka kupita sana. Mwembe uliobebeshwa unaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne. Fremu yake huyo mzee ina muda mrefu kuliko huo tangu aanze kuijenga, na bado haina mlango.

Basi nimeitoa ile karatasi ukutani, nikachukua kalamu ya mjukuu, nikaisahihisha. Safu ya njano nimeandika embe kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa mwaka, papai na ndizi wakati wowote. Safu ya rangi ya chungwa nimeacha chungwa, nikaongeza: la Muheza, katikati ya mwaka, la kijani, msiliogope. Safu nyekundu: tikiti, na pera la ndani ya waridi. Kiwi nimemfuta, nikaweka parachichi la Njombe na Rungwe. Buluu nimeikata kwa mstari mnene, juu yake nikaandika zambarau, na zabibu za Dodoma mfuko ukiruhusu. Mama watoto kaisoma yote, akauliza swali moja tu: nani atakwenda Buguruni. Nimejibu kwamba nitakwenda mimi, ila nitavaa kofia nisiamkiwe.

Na wewe msomaji, hukumu yangu ni hii. Tunda zuri kwa afya ni lile lililoiva kwa wakati wake karibu na ulipo, kwa sababu ndilo lenye bei unayoimudu, na tunda usilolimudu halijawahi kumtibu mtu. Linunue likiwa limejaa sokoni, libadilishe msimu ukibadilika, ule nyama yake na nyuzi zake, na blenda uiazime kwa jirani usiyempenda. Embe lenye njano isiyo na doa liogope. Chungwa la kijani lionje kwanza. Kama una kipande cha ardhi kinachotosha koleo, panda mpapai kabla mwenye nyumba hajaleta bloku.

La mwisho ni la kwangu binafsi. Ukisikia nimelazwa, usiniletee epo. Niletee mapera, na mjomba wangu asiambiwe niko wodi gani.